Redio ya Gari na Majina Yake

Miongoni mwa vifaa vinavyotumika kila siku katika nchi yetu bila ya kuwa na majina yaliyoafikiwa, redio ya gari haina budi kuhesabiwa. Kifaa chenyewe si kigeni kwa mtu yeyote. Abiria wa daladala anakijua, na mtoto wa shule ya msingi anakijua. Lakini mfasiri akipewa karatasi ya maelekezo ya kufungia redio mpya mahali pa ile iliyokuja na gari, mara hujikuta hana maneno ya kumtosha, na hayo aliyo nayo aghalabu humpotosha msomaji wake.

Nasema haya kwa kuwa yamenifika. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa karatasi ya namna hiyo niihakiki. Ilikuwa imetafsiriwa kwa niaba ya kampuni moja iingizayo redio za magari nchini. Niliondoa "kitengo cha kichwa", maneno yaliyonichekesha, nikaandika "redio". Palipoandikwa kwamba waya mweusi uunganishwe "na ardhi" nikaandika "na bodi ya gari", maana gari halina ardhi ila ile inayokanyagwa na magurudumu. Nikasahihisha upatanisho wa kisarufi, kisha nikairudisha kwa furaha. Sentensi moja niliipita bila kuigusa kwa sababu sarufi yake ilikuwa sawa: "Waya mwekundu: umeme wa vifaa vya ziada."

Baadaye nilimkuta kijana mmoja katika karakana ya umeme wa magari huko Gerezani, Dar es Salaam, akiwa na karatasi ileile mkononi. Alikuwa amefunga redio katika teksi ya mtu. Kwa kuwa gari lile halikuwa na kifaa chochote cha ziada alichokiona, aliamua kuuunga waya mwekundu pamoja na ule wa manjano, yote miwili ikapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Redio iliimba vizuri. Dereva akawa anaizima kwa kitufe, asijue kuwa ndani ilikuwa ingali macho. Siku ya tatu gari halikuwaka. Betri ilikuwa kongwe nayo haikuinuka tena. Mwenye teksi alidai betri mpya na hesabu ya siku mbili, na fedha hizo zilikatwa katika ujira wa kijana. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia siku ile kwamba karatasi ilipita mezani pangu.

Tangu hapo nimejitahidi kuijua historia ya kifaa hiki, kwa kuwa istilahi haiwezi kuundwa vema na mtu asiyejua kitu kilitoka wapi na kwa nini kina umbo kilicho nalo. Niliyoyapata nayaeleza hapa kwa faida ya wafasiri na walimu wenzangu.

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni kwamba redio ya gari ilianza kuwa kitu cha kununuliwa dukani na kufungwa na fundi kabla haijawa kitu cha kiwandani. Mwaka 1930 kampuni ya Galvin ya mjini Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1928 na Paul Galvin na nduguye Joseph, ilitoa redio ya gari aina ya 5T71. Galvin hakuwa na kibanda katika maonyesho ya watengenezaji wa redio yaliyofanyika Atlantic City mwaka huo. Alilisimamisha gari lake aina ya Studebaker nje, akafungulia redio, watu wakamjia. Redio hiyo iliuzwa kwa dola 110 hadi 130, wakati gari zuri la Ford lilipatikana kwa dola 540. Jina la biashara alilolibuni lilikuwa Motorola, yaani neno la motokaa likatiwa mkia wa "ola" uliokwisha zoeleka katika majina ya vinanda vya santuri vya wakati ule. Mwaka 1947 kampuni yenyewe ikachukua jina hilo.

Kuifunga hakukuwa kazi ya saa moja. Sanduku la redio lilifungwa penye nafasi, kipaza sauti mahali pengine, na vitufe vya kuongozea karibu na usukani. Antena iliweza kuwa wavu wa waya uliofichwa katika dari la kitambaa. Plagi za injini zilivuma ndani ya redio mpaka zilipotiwa vizuizi. Taa za redio za siku hizo zilihitaji umeme wenye nguvu kubwa kuliko volti 6 za betri ya gari, ikabidi kwanza kuongeza betri nyingine, na baadaye kutumia kifaa kilichoukatakata umeme wa betri ili transfoma iweze kuupandisha. Husimuliwa kwamba Galvin alipokwenda kuomba mkopo aliwaagiza watu wake wamfungie mwenye benki redio katika gari lake, na gari likashika moto muda mfupi baadaye. Mkopo hakuupata. Kama kisa hicho kimetiwa chumvi, basi ni chumvi ya watu walioijua kazi yenyewe.

Huko Ujerumani, Blaupunkt ya Berlin ilitoa redio yake ya kwanza ya gari, AS 5, mwaka 1932, kwa bei ya Reichsmark 465. Jina Blaupunkt maana yake ni nukta ya buluu. Nukta hiyo ilibandikwa juu ya vifaa vya kusikilizia vilivyokwisha pimwa vikaonekana vizuri, na wanunuzi wakaanza kuulizia "nukta ya buluu" badala ya kutaja kampuni. Hapa tunaona jinsi umma uundavyo istilahi pasipo kungoja kikao. Redio hiyo nayo iliongozwa kutoka karibu na usukani, ilhali sanduku lenyewe zito lilikuwa mbali. Nitarudi kwenye jambo hili.

Hatua kwa hatua viwanda vya magari vilijitwalia kazi. Vilianza kuacha tundu katika dashibodi, kisha kulijaza vyenyewe. (Dashibodi lenyewe ni neno lenye safari: kwa Waingereza lilikuwa ubao wa mbele wa gari la farasi, uliozuia matope yaliyorushwa na kwato. Matope yamekwisha, ubao umebaki.) Mwaka 1955 Chrysler, ikishirikiana na Philco, ilitangaza redio ya gari iliyotumia transista tupu, kwa dola 150. Katika magari yake ya mwaka 1956 kampuni hiyohiyo ilitia pia kinanda cha santuri ndani ya gari, kilichobuniwa na Peter Goldmark wa CBS. Santuri zake zilizunguka mara 16 na theluthi mbili kwa dakika. Wazo hilo halikudumu. Santuri zake zilikuwa chache, na barabara yenye mashimo haipatani na sindano.

Kilichofaulu ni kanda. William Lear, ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa ndege, alitoa kanda ya njia nane mwaka 1964, na Ford ikaiweka katika magari yake ya mwaka 1966. Lakini kaseti ndogo ya Philips, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1963, ndiyo iliyoishinda, na ndiyo tuliyoijua sisi. Katika Kiswahili neno "kanda" lilikuwa tayari, kwani ukanda ni kitu chembamba kirefu cha kufungia. Fundi wa lugha asingeweza kupata neno bora zaidi. Hata hivyo wasemaji wengi walipenda "kaseti" kwa chombo na "kanda" kwa kile kilichozungushwa ndani yake, wakatofautisha vitu viwili ambavyo kamusi nyingi huvichanganya. Mwaka 1984 Pioneer ikauza kicheza sidii cha gari, na baada ya miaka kama ishirini hivi flashi ikaviondoa vyote viwili.

Mwaka 1984 ulileta pia jambo lisilo na kelele lakini lenye matokeo makubwa. Kipimo cha tundu la redio kilichowekwa na shirika la viwango la Ujerumani, DIN, kilikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa, ISO 7736. Uso wa redio ukawa na upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Wajapani wakapendelea kimo maradufu, milimita 100. Kipimo hiki ndicho kilichomrudishia fundi wa mtaani kazi yake, kwa sababu redio ya kampuni yoyote sasa iliweza kuingia katika gari la kampuni nyingine. Kilimfungulia mlango mwizi pia. Redio inayoingia kwa urahisi hutoka kwa urahisi, na ndiyo maana miaka ile zilizuka redio za kuchomolewa, redio zenye namba ya siri, na baadaye zenye uso wa kubanduliwa ambao dereva alitembea nao mfukoni.

Mafundi wetu huita ukubwa huo "din moja" na "dabo din". Nawasihi wafasiri wasiligeuze neno hili. Nimekwisha ona "redio ya dini mbili" katika tangazo, na sijui waumini waliielewaje. Tundu moja na matundu mawili yatosha.

Tuje sasa kwetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa muda mrefu matangazo yaliwafikia watu wengi kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Neno "masafa" asili yake ni umbali, nalo lilistahili kabisa, kwa kuwa mawimbi yalitajwa kwa mita, yaani urefu wa wimbi lenyewe. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 zilizaliwa stesheni nyingi za FM, nazo hutajwa kwa megahezi, yaani idadi ya mitikisiko na si urefu. Neno "masafa" likahamishiwa huko bila mtu kuuliza. Matokeo yake ni kwamba "masafa mafupi" na "masafa ya juu" yaweza kuwa kitu kimoja, kwa kuwa wimbi likiwa fupi mitikisiko huwa mingi. Mwalimu wa fizikia anaujua ugumu wa kulieleza jambo hilo darasani. Sidhani kama tunaweza tena kulirudisha neno nyuma, ila katika maandishi ya kifundi yafaa tuseme "urefu wa wimbi" pale tunapokusudia urefu.

Ukurasa wa FM ndio uliowafanya watu wengi wa Afrika Mashariki waitoe redio iliyokuja na gari. Magari yetu mengi yametumika kwanza Japani. Huko FM ilipangiwa megahezi 76 hadi 90, kwa kuwa sehemu ya 90 hadi 108 ilikuwa ya televisheni. Televisheni ya analojia ilipozimwa huko mwaka 2011 na 2012 redio za Japani ziliongezewa nafasi hadi 95 tu. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mwenye gari hupanda gari lake jipya bandarini, akawasha redio yenye kioo kizuri na maandishi asiyoweza kuyasoma, na akapata stesheni moja au mbili.

Tiba ya bei nafuu ni kijisanduku kinachowekwa kati ya antena na redio. Waingereza wamekipa jina lenye maana ya kipanuzi, na mafundi wetu wakalichukua hivyo hivyo: "ekspanda". Jina hilo ni la uongo hata katika lugha lilikotoka. Kijisanduku hakipanui kitu. Hushusha mawimbi yote kwa kiasi kimoja kilichowekwa, ili stesheni iliyo juu iangukie ndani ya uwezo wa redio. Ikiwa kimepangwa kushusha megahezi 14, stesheni ya 98 husomeka 84. Na kwa kuwa kioo cha redio ya Japani kina nafasi ya megahezi 14 tu, ilhali stesheni zetu zimetawanyika katika megahezi 20, daima baadhi hubaki nje. Mnunuzi aliyeahidiwa kupanuliwa hurudi dukani akilalamika, naye ana haki. Napendekeza "kishusha masafa", na hapa nakubali masafa yabebe maana yake mpya. Jina hili humweleza mwenye gari kwa nini namba anayoiona si ile inayotajwa na mtangazaji.

Tiba ya pili ni kununua redio nyingine. Hapo ndipo penye "redio ya kiwandani" na ile ambayo Waingereza huiita kwa neno la soko lijalo baada. Kulitafsiri neno hilo kipande kwa kipande hakumfai mtu. Mafundi husema "redio ya gari lenyewe" na "redio ya dukani", nami sioni upungufu wowote katika maneno hayo. Historia inayathibitisha: redio ya dukani ndiyo iliyotangulia. Magari mengi ya Toyota ya Japani yana tundu lenye upana wa milimita 200, na redio ya dukani ya milimita 180 huacha nyufa pande mbili. Kipande cha plastiki kinachoziba nyufa hizo huitwa "fremu", na kiitwe hivyo.

Nyaya ndizo zilizonigharimu usingizi. Kwa kawaida redio ya dukani ina waya wa manjano, upatao umeme wakati wote ili saa na stesheni zilizohifadhiwa zisifutike. Waya mwekundu, upatao umeme dereva anapozungusha ufunguo tu. Na mweusi wa kwenda kwenye bodi. Spika nne zina jozi nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, na wenye mstari mweusi katika kila jozi ni hasi. Hali ya ufunguo inayowasha redio bila injini ndiyo iitwayo kwa Kiingereza kwa jina la vifaa vya ziada, na hapo ndipo kijana wa Gerezani aliponaswa na ulimi wa mtu mwingine. Bwana wake, mzee aliyeanza kazi enzi za kaseti, aliniambia kwa upole, "Mwalimu, sisi huo tunauita waya wa swichi." Maneno matatu, na kila fundi wa gari nchini anajua swichi ni ipi. Tangu siku hiyo naandika "umeme wa kudumu" kwa manjano na "umeme wa swichi" kwa nyekundu, na siipitishi karatasi yoyote bila hayo.

Yapo pia majina yanayogongana. Katika vitabu vyetu "kipaza sauti" hutumika kwa chombo kinachosemewa, kwa chombo kinachotoa sauti, na hata kwa mashine iliyo katikati yao. Redio za sasa zina vyote vitatu, kwa kuwa dereva huzungumza na simu kupitia redio. Lugha yetu ina vitenzi vitatu vilivyo tayari, kunasa, kukuza na kupaza, na ingetosha kusema kinasa, kikuza na kipaza kila kimoja mahali pake. Najua kinasa sauti kimekwisha chukuliwa na mashine ya kurekodi, lakini mashine hiyo imekaribia kutoweka. "Spika" wa Bunge na "spika" ya gari hawajapata kugombana, kwa sababu ngeli huwatenganisha.

Kuhusu wati, mfasiri awe macho. Sanduku la redio huandikwa wati 50 mara nne. Umeme wa gari linapokwenda ni volti 14.4 hivi, na spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 4. Redio isiyopandisha volti haiwezi kutoa sauti safi ya zaidi ya wati 26 kwa spika moja, na aghalabu hutoa pungufu. Hizo 50 hupatikana sauti ikiwa imekwisha haribika kabisa. Maandishi ya asili huwa na neno dogo la "kilele" au "upeo" pembeni, na katika tafsiri neno hilo ndilo la kwanza kudondoka. Asiyeliandika amemdanganya mnunuzi, hata kama hakukusudia.

Limebaki lile neno nililolicheka. Leo mlango uliofunguliwa mwaka 1984 unafungwa tena. Marekani iliagiza kwamba magari mapya yaliyotengenezwa kuanzia Mei 2018 yawe na kamera ya nyuma, na kamera huhitaji kioo. Kioo kimekuwa redio, ramani, simu na kiyoyozi kwa pamoja. Katika baadhi ya magari hata mlio wa kumwonya dereva hutokea kwenye redio, na fundi akiitoa ameutoa mlio huo pia. Kifaa cha namna hii hakistahili tena kuitwa redio, maana kupokea stesheni ni kazi yake ndogo kabisa. Nilimweleza yule mzee jina lililokuwa katika tafsiri ya kwanza, nikitaraji atacheka pamoja nami. Hakucheka. Alisema, "Kitengo sikijui. Lakini kichwa kipo. Treni ina kichwa, lori la trela lina kichwa. Kinachovuta vingine ndicho kichwa."

Nilikumbuka Galvin na Blaupunkt, ambao vitufe vyao vilikaa mbele na sanduku likafichwa nyuma. Katika gari la sasa kioo kiko mbele, kikuza sauti kiko chini ya kiti, sabufa iko ndani ya buti, na vyote vinakifuata kile cha mbele. Basi katika orodha ninayoiandaa kwa ajili ya kikao nimeandika "kichwa cha muziki" kwa kifaa kinachoongoza vingine, na "redio ya gari" kwa kile kinachojitegemea. Wenzangu wawili wameshapinga kwa maandishi: mmoja anataka "redio" pekee, mwingine anasema kichwa ni kivuli cha Kiingereza tu. Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito, na nimeomba kabla ya kikao tusikie kwa mafundi wa Mwanza, Mombasa na Zanzibar wanavyosema wenyewe.